Hekta 350 zenye mikorosho na bonde: kamera ya RTK inatosha au ni lazima laida?

Mpima_Bondeni:

Wakuu, habari za kazi.

Nina eneo la hekta 350 wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani. Mteja anataka ramani ya sura ya ardhi ya 1:1000 yenye kontua za nusu mita, ya kutumika kwenye mchoro wa mipango miji kabla ya kukata viwanja. Theluthi mbili ni mashamba ya wazi: mihogo na nyasi fupi. Theluthi iliyobaki ni mikorosho mikubwa na miembe, na katikati linapita bonde lenye matete na mkondo wa maji wa msimu. Kutoka chini ya bonde hadi mgongoni ni tofauti ya mita 38 hivi.

Ninayo droni ya Mavic 3 Enterprise yenye moduli ya RTK (masahihisho ya nafasi ya setelaiti papo hapo). Naweza pia kukodi Matrice 350 ikiwa na kamera ya Zenmuse P1 ya lenzi ya 35 mm, au ikiwa na laida (kipimaji cha mwali wa leza) ya Zenmuse L2. Kukodi L2 kwa eneo zima kunakula bajeti karibu yote. Je, kamera peke yake inafika? Na kama P1 ina megapikseli 45 dhidi ya 20 za Mavic, si nitapunguza idadi ya mistari ya kuruka? Intaneti huko ni ya kubahatisha, kwa hiyo masahihisho ya RTK kwa mtandao siyategemei.

PikseliArdhini:

Mkuu, anza na kontua ndipo uje kwenye kamera. Kanuni ya zamani ambayo bado inafaa: kosa la urefu (RMSE) lisizidi theluthi ya nafasi ya kontua. Nusu mita gawa kwa tatu ni sentimita 16 na kitu. Picha zenye pikseli ya sentimita 2 hadi 3 ardhini, zikifungwa vizuri kwenye alama, hutoa kosa la urefu la kama pikseli moja na nusu hadi tatu, yaani sentimita 3 hadi 9 kwenye udongo ulio wazi. Kwenye mihogo michanga na nyasi fupi kamera inatosha na chenji inabaki. Kwenye mikorosho haitoshi hata ukiwa na megapikseli 100, maana shida ya hapo ni kwamba ardhi haionekani. Wenzangu wa laida wataeleza.

Sasa hesabu. Ukubwa wa pikseli ardhini ni urefu wa kuruka, mara ukubwa wa pikseli kwenye kihisi, gawa kwa urefu wa fokasi. Mavic 3 Enterprise ina pikseli ya mikromita 3.3 na fokasi ya 12.29 mm. Ukiruka mita 100 unapata sentimita 2.7. Picha yake ni pikseli 5280 kwa 3956, hivyo inafunika mita 142 kwa 106. Kwa mfunikano wa asilimia 80 mbele na 70 pembeni, unapiga picha kila mita 21 na mistari inaachana mita 43. Hekta 350 zinataka kilomita 81 za mistari na picha kama 3,900, bado hujaongeza kingo. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde ni saa mbili na robo hewani bila kuhesabu kugeuka: andaa betri sita na jenereta.

P1 ya 35 mm ina pikseli ya mikromita 4.4, picha ni 8192 kwa 5460. Mita 100 hiyo hiyo inakupa sentimita 1.26, safi sana, lakini upana wa picha ni mita 103 tu! Mistari inasogeleana hadi mita 31 na urefu wote unakuwa kilomita 113. Umeongeza kazi kwa pikseli ambazo ramani ya 1:1000 haizihitaji. Faida ya kihisi kikubwa inakuja pale unapoweza kupanda juu zaidi, na kibali cha kawaida kinakufunga kwenye futi 400, yaani mita 120. Kama ungepata P1 hiyo yenye lenzi ya 24 mm, kwa mita 120 ingefunika 180 kwa 120 na pikseli ya sentimita 2.2. Hiyo ndiyo ingeokoa mistari. Kinachoamua upana ni lenzi.

Jambo la pili ni shata. Mavic 3 Enterprise, P1 na Phantom 4 RTK zina shata ya kimekanika, picha nzima inakamatwa kwa mpigo mmoja. Droni nyingi za kurekodia harusi zinasoma kihisi mstari kwa mstari. Kama usomaji unachukua milisekunde 30, kwa mita 10 kwa sekunde droni imeshasogea sentimita 30 kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho wa picha ile ile. Programu zina chaguo la kufidia hilo na linasaidia, ila kwa kazi ya kontua ya nusu mita sishauri.

Kuburuzika kwa picha ni suala jingine, linatokea hata kwa shata ya kimekanika. Kasi mara muda wa shata: mita 10 mara 1/1000 ni sentimita 1, theluthi ya pikseli, haina neno. Kwa 1/320 ni sentimita 3, imezidi pikseli nzima, na alama zako za ardhini zitaonekana kama zimepakwa siagi. Funga shata 1/1000 au haraka zaidi, tundu la lenzi f/4 hadi f/5.6, ISO ijirekebishe lakini isivuke 400. Mwanga ukipungua punguza kasi ya droni; shata iache ilivyo. Fokasi iweke kwa mkono kwenye kitu cha mbali, kisha iache hapo hadi misheni iishe. Rangi weka "jua" badala ya otomatiki, la sivyo othofoto (picha moja ya eneo zima iliyonyooshwa kama ramani) inatoka na viraka. Na zima urekebishaji wa mpindo wa lenzi ndani ya droni: programu ya kuchakata inataka picha mbichi ikokotoe mpindo yenyewe. Ikipewa picha iliyokwisha nyooshwa inatafuta mpindo usiokuwepo.

Hizo mita 38 za tofauti ya urefu usizidharau. Ukipaa kutoka bondeni ukaruka mita 100 usawa mmoja, ukifika mgongoni uko mita 62 juu ya ardhi. Upana wa picha umeshuka kutoka mita 142 hadi 88 na mfunikano wa pembeni umeanguka kutoka 70 hadi 51. Juu ya mti wa mita 12 unabaki na asilimia 39, na hapo ndipo othofoto inapochanika. Tumia kufuata sura ya ardhi, ukipakia modeli ya urefu kama SRTM. Pikseli zake ni za mita 30 na ina makosa ya mita kadhaa, lakini kwa kazi hii inatosha mradi huruki chini sana.

KorongoLaida:

Nichukue hapo kwenye mikorosho. Ili programu ya picha ipate urefu wa nukta ya ardhini, nukta hiyo lazima ionekane kwenye picha mbili, na kwa usalama tatu au zaidi, zilizopigwa kutoka pembe tofauti. Mkorosho hauangushi majani yote kwa msimu, na matawi yake hushuka karibu na ardhi. Kitundu kinachoonekana kwenye picha moja kimeshazibwa kwenye inayofuata. Laida inahitaji mwali mmoja tu upenye na urudi.

Lakini laida hazilingani. L1 ya zamani ina mirejesho mitatu kwa kila pigo, na mwali wake unatanuka nyuzi 0.28 upande mmoja na 0.03 upande mwingine. Kwa mita 100 doa lake ardhini lina urefu wa kama nusu mita! Doa la namna hiyo linagonga jani na ardhi kwa wakati mmoja, na kingo zote zinatoka nene. L2 ina mirejesho mitano na doa la sentimita 4 kwa 12 kwa umbali huo huo. Kwa mikorosho tofauti hiyo ndiyo unayolipia. Mtu akikupa L1 kwa bei nafuu akasema "laida ni laida", mshukuru, umpite.

Mpangilio kwa L2: mita 80 hadi 100 juu ya ardhi ukifuata sura ya ardhi, kasi mita 8 hadi 10 kwa sekunde, mirejesho mitano, skani ya kurudia mstari mmoja, mfunikano wa pembeni asilimia 50. Inatoa mapigo 240,000 kwa sekunde. Kwa mita 100 upana wa skani ya nyuzi 70 ni mita 140, hivyo kwa mita 10 kwa sekunde unapata pointi kama 170 kwa mita ya mraba, na mara mbili yake mistari inapofunikana. Tuseme chini ya mwavuli wa mkorosho zinapenya 3 kwa kila 100: bado una pointi tano za ardhi kwa mita ya mraba kutoka mstari mmoja. Kontua ya nusu mita haihitaji zaidi ya hapo.

Usikate mizunguko ya kusawazisha IMU (kihisi cha mwendo na mwelekeo) mwanzoni na mwishoni mwa misheni ili kuokoa betri. Ile mienendo ya kuongeza na kupunguza kasi ndiyo inayomwezesha mkokotoaji kutenganisha kosa la mwelekeo na kosa la nafasi. Ukiiruka, mistari miwili iliyopakana itaachana sentimita 10 au 15 kwa urefu, na paa moja la bati litaonekana kama mapaa mawili. Ongeza mstari mmoja au miwili inayokata mingine msalaba. Ni dakika chache na ndiyo ushahidi wako kwamba mistari imeshikana.

Bondeni usitarajie makubwa. Mwali wa L2 ni wa nanomita 905, maji yanaunywa au kuutupa pembeni, kwa hiyo penye maji utaona shimo tupu kwenye wingu la pointi. Matete yaliyosongamana ni mabaya zaidi, maana hayaachi shimo. Yanakupa uso mzuri, laini, ulio sentimita 20 hadi 40 juu ya udongo, na kichujio kinauita ardhi.

FundiKontua:

Mpima, naona unafikiria chombo kimoja kwa hekta zote. Kwa nini? Mikorosho na miembe ni hekta kama 115. Ongeza bonde na ukingo wa kuunganishia, ziwe 130. Rusha L2 hizo 130 tu. Kwa mistari inayoachana mita 70 ni kilomita 18 na nusu, nusu saa hewani bila kuhesabu kugeuka. Seti mbili za betri, ya tatu akiba. Hiyo ni siku moja ya kukodi. Zilizobaki 220 piga kwa Mavic yako mwenyewe.

Angalizo: acha ukanda wa mita 50 hadi 100 ambapo L2 na picha vinafunikana juu ya ardhi tupu (barabara ya udongo inafaa sana), na uweke hapo alama za uhakiki. Modeli mbili zikiachana zaidi ya sentimita 8 hapo, usiziunganishe kwa kulainisha. Tafuta kwanza ni ipi imekosea.

Halafu, hakuna othofoto wala laida itakayokuonyesha bikoni (alama ya mpaka) chini ya mkorosho. Mipaka inapimwa kwa rova (kipokezi cha setelaiti cha kubeba) au total station (kipimaji cha pembe na umbali).

Mpima_Bondeni:

Wakuu, mmenifungua. La kugawa eneo nimelichukua. Sasa besi (kipokezi kinachokaa sehemu moja): nina kipokezi cha GNSS, yaani cha setelaiti, cha masafa mawili na rova yake. Alama ya serikali iliyo karibu iko kama kilomita 9. Niende RTK na besi yangu au PPK (masahihisho yanayokokotolewa baada ya kuruka)? Na mfumo wa kuratibu, mteja ana mchoro wa zamani wa Arc 1960, mimi nilitaka kutoa WGS84 zone 37 kusini.

ShambaDigitali:

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina Mavic 3 Multispectral ya shamba. Inaweza kufanya kazi kama hii?

PikseliArdhini:

@ShambaDigitali kwa ramani tumia ile kamera yake ya rangi: ni megapikseli 20 yenye shata ya kimekanika, na droni ina RTK. Zile kamera nne za bendi (kijani 560, nyekundu 650, ukingo wa nyekundu 730 na karibu-infraredi 860 nm) ni megapikseli 5 kila moja, ni za afya ya mimea. Kontua usizitegemee huko.

BikoniKongwe:

Mpima, nenda PPK. Ukikosa fiksi (nafasi iliyosahihishwa kikamilifu) katikati ya misheni ya RTK unagundua baadaye. Kwenye PPK unakokotoa upya nyuma na mbele kutoka data ile ile. Besi irekodi data ghafi kila sekunde 1, ianze robo saa kabla ya kupaa na izimwe robo saa baada ya kutua kwa mwisho. Isiwe mbali zaidi ya kilomita 10 kutoka droni, na kwa kuwa eneo lenyewe ni dogo, iweke katikati. Droni yako inahifadhi faili la uchunguzi wa setelaiti na faili la MRK lenye wakati wa kila picha. Nakili folda nzima, sio JPEG peke yake. Watu wanaburuta picha tu kwenye kompyuta, wanafuta kadi, kisha wanauliza PPK inafanywaje.

Ukiamua RTK hata hivyo, soma RtkFlag kwenye metadata ya kila picha: 50 ni fiksi, 34 ni floti (haijasahihishwa kikamilifu), 16 ni nafasi ya kawaida isiyosahihishwa. Picha moja moja za 34 si tatizo. Zikiwa mstari mzima, rudia mstari huo kabla hujaondoka site.

Kuratibu za besi ndiyo mahali kazi nyingi zinapofia. Ukiiwasha besi ijitafutie nafasi yenyewe, eneo zima linahama mita 2 au 3, na kwa kuwa kila kitu kimehama pamoja, othofoto inapendeza na hakuna anayegundua. Kaa tuli kwenye besi yako na kwenye alama ya serikali kwa wakati mmoja, saa moja hadi mbili kwa kilomita 9, ufunge mstari huo, na ukiweza ufunge kwenye alama ya pili ili upate ushahidi. Ukituma data AUSPOS au huduma nyingine ya mtandaoni ni sawa kwa kuhakiki, ila jibu linakuja kwenye ITRF (mfumo wa kuratibu wa dunia nzima), na bamba tunalokaa juu yake linasogea kaskazini-mashariki kama sentimita 3 kwa mwaka. Alama za TAREF11 (mfumo wa marejeo wa Tanzania wa 2011) thamani zake hazisogei kwenye karatasi. Tofauti ya robo mita au zaidi kati ya jibu la mtandaoni na alama ya serikali si lazima iwe kosa lako. Ni miaka imepita. Fuata alama ya serikali.

Arc 1960 na WGS84 si suala la sentimita. Kwa ukanda wa pwani zinaachana kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu 95 mashariki-magharibi. Zaidi ya hapo, vigezo vya jumla vya kubadili (−160, −6, −302) ni vya wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja na vina wasiwasi wa mita 20 hivi kwa kila mhimili. Kwa hiyo usibadilishe mchoro wa mteja kwa kubonyeza tu kitufe kwenye programu. Tafuta bikoni tatu au nne za mchoro huo zilizopo ardhini, zipime, kisha ukokotoe uhamisho wa eneo lako. Kama bikoni hazikubaliani kati yao, mwambie mteja kwa maandishi.

Mwisho, urefu. PPK inatoa urefu juu ya duaradufu (umbo la kihesabu la dunia), rova yako pengine imewekwa EGM2008 (modeli ya jeoidi, yaani usawa wa bahari). Pwani yetu jeoidi iko chini ya duaradufu kwa zaidi ya mita 20, ndiyo maana urefu wa ufukweni unasoma hasi. Ukichanganya picha za duaradufu na GCP (alama za ardhini zilizopimwa) za jeoidi, programu haitakukataza; itakunja fokasi ya kamera ijaribu kukuridhisha. Chagua mmoja, badilisha vyote kabla ya kuingiza. Urefu wa antena nao uandike kwenye karatasi, wima au mshazari, na hadi alama ipi ya antena.

FundiKontua:

Kuhusu alama zenyewe: zionekane kwa pikseli 15 hadi 20. Kwa sentimita 2.7 tumia vibao vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, nyeusi na nyeupe kama draft, rangi isiyong'aa. Chokaa ya msalaba inafaa kwa dharura, lakini jua la saa sita linaifanya imwagikie pikseli za jirani na kitovu hukijui. Turubai linang'aa, linapeperuka, na watoto wanalitaka. GCP 8 hadi 10 kwa eneo lako, ziwe kingoni na katikati, mbili kati yake chini bondeni, maana alama zote zikiwa mgongoni hujui kilichotokea chini. Alama za uhakiki ziwe 20 na zaidi, tofauti na GCP, na kila aina ya ardhi iwe na zake.

Mpima_Bondeni:

Majaribio ya hekta 40 upande wa mihogo: mita 100, 80/70, mistari yote sambamba, kamera wima, PPK, GCP 4 pembeni, alama 12 za uhakiki, programu ya Metashape. Mlalo RMSE ni sentimita 2.6. Urefu unanichanganya: karibu na GCP kosa ni kati ya −1 na +2, lakini kadiri unavyoingia katikati linashuka hadi −16. PPK ilitoa fiksi asilimia 99. Tatizo liko kwenye lenzi?

PikseliArdhini:

Hiyo ni bakuli. Mistari sambamba, kamera wima na ardhi tambarare haviipi programu nguvu ya kutenganisha mpindo wa lenzi na mpindo wa ardhi. Kosa dogo kwenye vigezo vya mpindo wa lenzi linalipwa kwa kukunja modeli nzima, na GCP za pembeni zinashikilia kingo huku katikati ikizama. Lakini PPK yenye fiksi asilimia 99 ilipaswa kuizuia. Fungua jedwali la kamera kwenye Metashape uangalie safu ya usahihi. Inasoma ngapi?

Mpima_Bondeni:

Mita 10 kwa picha zote.

PikseliArdhini:

Basi umeipata. Hiyo ni thamani ya kuanzia ya programu. Umeiambia kwamba nafasi ya kila picha inaweza kukosea mita 10, kwa hiyo PPK yako yote imetupwa na modeli inaning'inia kwenye GCP nne. Weka 0.02 mlalo na 0.03 urefu, au washa chaguo la kusoma usahihi kutoka metadata ya XMP wakati wa kuingiza picha kama matokeo yako ya PPK yameandikwa humo. GCP zipe 0.01 hadi 0.02 kulingana na ulivyozipima. Kisha boresha kamera upya ukikokotoa vigezo vya lenzi f, cx, cy, k1 hadi k3, p1 na p2, basi. Vigezo vya ziada vinafurahisha ripoti na kuharibu ardhi.

Kwa kazi kamili ongeza mistari mitatu au minne ya msalaba, kamera ikiwa imeinamishwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima. Picha za mshazari chache tu zinaivunja bakuli, kwa sababu fokasi na urefu haviwezi tena kusingiziana.

Mpima_Bondeni:

Nimebadilisha usahihi tu, bila kurusha upya. Katikati sasa ni kati ya −5 na +4, RMSE ya urefu sentimita 4.1. Zimebaki alama tatu za ziada nilizoweka kwenye ukingo wa bonde, hazimo kwenye zile 12: +22, +31, +27. Zote juu.

KorongoLaida:

Hizo ziache nje ya hesabu ya kamera. Ni nyasi na matete, na L2 nayo itakupa hadithi inayofanana na hiyo. Kwa bonde fanya hivi: pima mkondo kwa rova au total station, kitovu cha mkondo na kingo zake mbili za juu kila mita 20 hadi 25, na popote unapopinda. Ingiza kama mistari ya kuvunja mteremko kwenye modeli. Ongeza pointi za udongo 30 hivi zilizotawanywa ndani ya matete, upate wastani wa ziada ya laida. Kama ziada inatulia, mathalani kati ya 22 na 31 kama zako, unaweza kushusha poligoni ya matete kwa wastani huo na ukaandika kwenye ripoti. Kama inarukaruka kutoka 5 hadi 60, futa laida ya poligoni hiyo yote na utumie pointi za rova peke yake.

Kwenye kuchuja ardhi chini ya mikorosho: kama programu yako inauliza ukubwa wa seli, iwe kubwa kuliko mwavuli mpana zaidi, mita 20 hadi 25, la sivyo mwavuli wa mkorosho unageuka kilima. Ukitumia kichujio cha CSF cha programu ya CloudCompare, anza na kitambaa (wavu wa kuigiza uso wa ardhi) cha mita 1, kizingiti cha 0.3, mandhari ya mteremko, na uwashe kushughulikia miteremko mikali kwa ajili ya kingo za bonde. Kata sehemu nyembamba za mita 1 kwenye wingu uzitazame kwa upande kabla ya kuchora kontua yoyote.

Na fimbo ya rova humo bondeni ifunge kitako kipana, hata kipande cha plaiwudi. Ncha ikizama kwenye tope sentimita 8, utaipunguzia laida kosa ambalo si lake.